Reli, Shehena au Mji: Kuchagua Gemu ya Uchukuzi Inayokufaa

Mpenzi wa treni anayetafuta gemu ya kompyuta hukutana na majina mengi yanayokaribiana, na picha za matangazo hazimsaidii sana, kwa kuwa karibu zote zinavutia kwa namna moja. Mimi nimezoea kuzipambanua kwa kuangalia kitu kinachomkwamisha mchezaji. Katika OpenTTD ni makutano ya reli, katika Transport Fever 2 ni mabehewa yanayorudi matupu, na katika Cities: Skylines ni foleni ya malori. Tatizo ambalo utaendelea kulitafakari hata baada ya kuizima kompyuta ndilo linalopaswa kukuongoza katika kuchagua.

OpenTTD naiweka mbele ya zote, wala si kwa sababu tu ni ya bure. Chimbuko lake ni Transport Tycoon ya Chris Sawyer, iliyotoka mwaka 1994. OpenTTD yenyewe ilianza kusambazwa mwaka 2004, na wanaojitolea wanaendelea kuiboresha mpaka sasa. Michoro yake ni midogo na ya kizamani, jambo linaloifanya iende vizuri hata kwenye kompyuta dhaifu. Mwanzo wake ni mwepesi: unaunganisha mgodi wa makaa ya mawe na kituo cha umeme, na malipo yako hutegemea umbali, kiasi cha shehena na muda iliotumia njiani. Treni zinapoongezeka kwenye reli hiyo hiyo, hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza.

Nina kumbukumbu ya stesheni yangu moja ya majukwaa manne ambayo ilisimama kabisa. Treni iliyokuwa ikitoka ilisubiri kwenye ishara (taa inayoiruhusu au kuisimamisha treni) niliyoiweka hatua chache tu baada ya makutano, mabehewa yake ya nyuma yakabaki juu ya njia panda, na iliyokuwa ikiingia ikakosa pa kupita. Foleni ikarudi nyuma hadi ikaiziba reli ile ile ambayo treni ya kwanza ilikuwa ikiisubiri. Ilinibidi nizigeuze treni mbili za mkiani, kisha niisogeze ishara mbele kwa urefu wa treni nzima. Tangu siku hiyo siweki ishara mahali ambapo sitaki treni isimame, na kwenye makutano natumia ishara za njia, ambazo haziiruhusu treni kuingia mpaka iwe imejihifadhia njia hadi mahali salama pa kusubiri. Furaha ya kuliona tatizo kama hilo likifumuka kwa kusogeza kitu kimoja sijaipata katika gemu nyingine yoyote ya reli.

Transport Fever 2, iliyotoka mwaka 2019 kutoka studio ya Urban Games ya Uswisi, ndiyo nzuri zaidi kwa macho. Unaanza mwaka 1850 na vichwa vya mvuke, na unaweza kupanda treni yako mwenyewe ukatazama mabonde yakipita dirishani. Uhondo wake mkubwa umo katika kupanga safari: treni inayopeleka magogo kiwandani na kurudi tupu hupoteza nusu ya mwendo wake, ilhali mabehewa hayo hayo yanaweza kupakia mbao palepale na kuzifikisha kiwanda kinachofuata. Dosari yake ni kwamba njia chache nzuri zikishasimama, fedha huingia kwa wingi kupita kiasi, na hofu ya kufilisika inatoweka mapema.

Cities: Skylines ya mwaka 2015, kazi ya Colossal Order ya Ufini, ni gemu ya mji, na treni ndani yake ni mtumishi tu. Ukijenga stesheni ya mizigo karibu na katikati ya mji, malori yanayoihudumia yatazijaza barabara zote, na treni zinazoingia kutoka nje ya ramani zitapanga foleni kwenye reli moja na za abiria wako. Kwa hiyo ni busara kutenga reli ya mizigo tangu mwanzo. Anayependa kupanga mitaa ataifurahia kwa miaka. Toleo la pili la mwaka 2023 linahitaji kompyuta yenye nguvu zaidi, na watengenezaji wenyewe walitoa tahadhari kuhusu kasi yake kabla halijatoka, hivyo pima uwezo wa kompyuta yako kwanza.

Kama unachotaka ni kukaa kwenye kiti cha dereva, hakuna kati ya hizi tatu itakayokutosheleza. Tafuta Train Sim World, ambamo treni ndefu ya mizigo hufungwa breki mapema sana kabla ya stesheni, kwa sababu breki zake hufanya kazi kwa hewa, na kushuka kwa shinikizo la hewa hiyo huchukua muda kuyafikia mabehewa ya mwisho.