Nimelipia sayari, nikaonyeshwa mchoro

Hawa jamaa wanazunguka na darubini Mbeya, Tukuyu mpaka Iringa msimu huu wa baridi. Kiingilio elfu ishirini, na tangazo linaahidi utaiona Proxima b, sayari inayozunguka Proxima, nyota iliyo jirani zaidi na Jua, "kwa macho yako".

Uongo mtupu. Sayari hiyo hakuna aliyewahi kuiona. Ilitangazwa 2016 baada ya watu kupima jinsi inavyoiyumbisha nyota yake, mita 1.4 hivi kwa sekunde, mwendo wa kutembea kwa miguu. Kipimo hicho kinakupa mwaka wake, siku 11.2, na uzito wake wa chini kabisa, unaokaribia wa Dunia. Haijaonekana ikipita mbele ya nyota yake, kwa hiyo hata upana wake haujapimwa. Hewa? Maji? Hayajulikani. Ile bahari na anga la rangi ya chungwa walivyotuonyesha ukutani ni kazi ya mchoraji.

Mama mmoja akauliza kwa upole, "Mwanangu, picha hii imepigwa na darubini gani?" Kijana wao akajibu, "Mama, kama huamini nenda kalale." Mbele za watu!

Kinachoniudhi zaidi, nyota yenyewe, Proxima, wangeweza kutuonyesha. Katikati ya Juni, kati ya saa 3 na saa 4 usiku, iko kusini, nyuzi 36 hivi juu ya upeo. Unaanzia Alpha Centauri, ile angavu zaidi kati ya mbili zinazoelekeza Msalaba wa Kusini, unashuka nyuzi mbili na kidogo kuelekea kusini-magharibi. Ni ya daraja la 11 la mng'ao (namba ikipanda, nyota inafifia), hafifu, imezungukwa na nyota kibao, kwa hiyo bila ramani inayofika daraja la 12 utapotea. Kioo cha darubini yao, cha sentimita 20, kinatosha kabisa. Ila kioo kinatolewa nje nusu saa kabla, kipoe. Wao walikishusha kwenye gari kikiwa na joto wakaanza hapohapo, taswira ikachemka kama uji, lawama wakaitupia mawingu. Mawingu yapi?

Haya, kilipopoa, Alpha Centauri ikaachana nyota mbili safi, na Omega Centauri, kile kishada kikubwa cha nyota, ikajaa punje kwa punje. Hapo nilitaka kuwapa nyota nne, kweli. Kisha yule kijana akasema kwa roketi tungefika Proxima kwa miaka minne. Minne na ushee ni ya mwanga, yaani mwanga wenyewe ndio unaotumia muda huo! Kwa kasi ya chombo cha anga Voyager 1 ni zaidi ya miaka 70,000.

Nyota moja, na hiyo ni ya darubini.