Ni-ta-ku-simulia: mwaka wangu na Blender, herufi zinazotembea na boksi la ubuyu

Shangazi yangu anauza ubuyu Ng'ambo, Unguja. Ana sufuria mbili, mwiko mrefu na wateja wanaomwita kwa sauti kutoka barabarani. Ubuyu wake ni ule mwekundu wa kuchafua vidole na ulimi, una iliki na pilipili manga kwa mbali, na anaufunga kwenye vipakiti vya nailoni ambavyo midomo yake anaiziba kwa moto wa mshumaa. Mimi nasoma ubunifu wa michoro Dar es Salaam. Mwaka jana tulipotakiwa kufanya mradi wenye mambo mawili kwa pamoja, maandishi yenye mwendo na kifungashio cha bidhaa, wenzangu walihangaika wiki nzima kutafuta bidhaa. Mimi nilikuwa nayo mdomoni.

Kazi yote ya mwendo niliifanya kwa Blender, programu ya kompyuta ya kuunda na kuchezesha picha, kwa hiyo haya ni maoni ya mtu aliyeitumia mwaka mzima kwa herufi na karatasi, mambo ambayo wengi hawayafikirii wanapoisikia. Watu wanaijua kwa katuni na vinyago vya 3D. Nilianza nayo kwa sababu ya mfuko: programu nyingine za aina hii hulipiwa kila mwezi, na hela yangu ya mwezi ina kazi zake. Blender ni bure, na si bure ya kuonjeshwa siku saba. Mwaka 2002 kampuni iliyokuwa ikiimiliki ilipokwama, mwanzilishi wake Ton Roosendaal alichangisha euro 100,000 kwa watumiaji kwa muda wa wiki saba tu, akaikomboa na kuifanya mali ya kila mtu. Kila ninapoifungua huwa nawakumbuka wale waliotoa senti zao ili mimi niitumie kuchezesha ubuyu.

Sasa wazo lenyewe. Kwa mtu wa Dar, ubuyu ni wa kutafuna na ubuyu ni habari za watu. Ukiambiwa "nina ubuyu", husogezi bakuli, unasogeza kiti. Nikataka boksi linaloahidi kusimulia. Neno likajileta lenyewe: *nitakusimulia*.

Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho mafunzo ya video ya Wazungu hayakuwahi kunionyesha. Wao neno lao hulileta herufi moja moja, au lote kwa mkupuo. Kitenzi chetu kina viungo ndani. Ni-ta-ku-simulia: msemaji, wakati, msikilizaji, kitendo. Ukikileta herufi moja moja unakivunja mahali pasipo kiungo, kama mtu anayekata kuku katikati ya mfupa. Ukikileta kwa viungo vyake, mtazamaji anakisoma kabla hakijakamilika. Linaingia *ni*, unajua nani anasema. Linaingia *ta*, unajua bado. Linaingia *ku*, unastuka, kumbe ni mimi ninayeambiwa. Halafu *simulia* linatua kwa uzito wake.

Na mchezo mtamu zaidi: toa *ta*, tia *me*. Nimekusimulia. Silabi moja tu imebadilika, na boksi limeshafunguliwa.

Kulifanya hilo ndani ya Blender kulinigharimu usiku kadhaa. Njia ya kwanza niliyofundishwa ni kuandika neno, kuligeuza kuwa umbo, halafu kulitenganisha vipande ili kila herufi isogee peke yake. Nikaandika nitakusimulia, herufi 13. Nikatenganisha. Vikatoka vipande 16. Nikahesabu tena. Kumbe nukta za *i* zote tatu zimejitenga na miili yake, na nilipocheza picha zikawa zinaruka kivyake kama nzi juu ya sufuria ya shangazi. Kiswahili kimejaa *i*. Njia hiyo haikufai hata kidogo. Anwani ndiyo ilikuwa kichekesho: kwenye "Ng'ambo" ile alama ya juu ilipeperuka yenyewe, na kwa nusu sekunde nzima shangazi akawa anaishi "Ngambo", mahali ambapo hakuna mtu anapajua. (Na ukiwa unapanga ng', tafadhali tumia ile alama iliyopinda, si ile iliyonyooka kama msumari. Macho ya watu wanaosoma Kiswahili yanaiona tofauti hata kama hawaijui jina.)

Njia ya pili ndiyo iliyonifaa: kila kiungo kiwe andiko lake, *ni* peke yake, *ta* peke yake, na kadhalika, vipangwe kwa mstari mmoja. Umbali kati ya herufi unaurekebisha kwa kushika Alt na mshale wa kushoto au kulia. Tangu toleo la 3.0 kuna pia nodi, yaani kijisanduku cha kazi kinachounganishwa na vingine kwa waya, inayobadili maneno kuwa mistari na kuiacha kila herufi ikiwa kitu kizima, nukta ikiwa juu ya *i* yake. Nodi zinaogopesha ukiziona mara ya kwanza, zile waya zote, lakini kwa maandishi marefu ndizo zinazookoa muda.

Kabla sijaendelea: kuna siku niliegemea dirisha la daladala nikamwona mama mmoja anavuka barabara amejifunga kanga, na jina la kanga lile la chini, ndani ya kile kijisanduku chake juu ya pindo, linapanda na kushuka kwa hatua zake. Nusu ya maneno inajikunja, inajifunua, inajikunja. Sikuweza kulisoma lote mpaka alipopanda ukingo wa barabara. Nikacheka peke yangu. Mwezi mzima nahangaika na mwendo wa herufi, na bibi zetu walikuwa wanatembea nao kiunoni. Usiku ule nilifuta miendo yangu yote ya kurukaruka, nikaiga hatua: polepole kuanza, haraka katikati, polepole kutua. Blender ina dirisha la mistari ya mwendo ambapo unaukunja mwendo kwa mkono kama waya laini. Kama kuna sehemu moja ya programu hii ninayoipenda, ni hiyo.

Kuhusu kurenda, yaani kuiachia kompyuta ichore picha moja moja mpaka video ikamilike, nitasema wazi ili usije ukalia. Laptop yangu ina RAM ya GB 8 na haina kadi ya michoro ya maana. Video yangu ilikuwa ya sekunde sita, picha 24 kwa sekunde, jumla picha 144. Kwa injini ya Cycles, inayofuata mwanga kama ulivyo, kila picha ilichukua kama dakika nne. Piga hesabu: zaidi ya saa tisa. Saa ya saba umeme ukakatika, na betri yangu ni ya mapambo. Kwa kuwa nilikuwa narenda moja kwa moja kuwa video, faili halikufunguka tena. Tangu siku hiyo narenda picha za PNG moja moja kwenye folda. Umeme ukirudi naendelea na picha iliyofuata, kisha naziunganisha mwishoni humohumo ndani ya Blender. Baadaye nikahamia Eevee, injini nyepesi, na kwa herufi bapa zenye rangi nzito sikuona tofauti ya kunifanya nikeshe.

Jambo jingine ambalo ningefurahi kuambiwa mapema: rangi. Nyekundu ya ubuyu niliyoichagua ilikuwa inatoka imefifia kila nikirenda, kama ubuyu wa juzi. Nikalaumu skrini, nikalaumu macho. Kumbe kuanzia toleo la 4.0 Blender hupitisha rangi kwenye mfumo uitwao AgX, uliotengenezwa ili mwanga mkali upungue kwa upole kama kwenye filamu. Kwa picha ya mandhari unapendeza. Kwa lebo unabadilisha rangi ya mteja bila ruhusa. Ingia kwenye mipangilio ya rangi, chagua Standard, nyekundu inarudi.

Inarudi kwenye skrini, niseme. Blender haitoi faili la rangi nne za uchapaji. Ni chombo cha mwanga, si cha wino. Nilipeleka kazi yangu kwenye duka moja la kuchapa Kariakoo, fundi akaitazama kwenye kioo chake, akatikisa kichwa.

"Dogo, hii nyekundu yako haipo."

"Haipo vipi, kaka? Si hii hapa?"

"Ipo kwenye taa. Kwenye wino haipo."

Na kweli ilitoka ikielekea tofali. Nilirudia mara mbili, tukapandisha wino wa waridi na wa njano, tukaondoa kabisa chembe ya buluu, ndipo ikafanana na kidole kilichotoka kwenye pakiti. Kosa halikuwa la fundi, nilimpelekea ndoto nikitaka karatasi. Ila kuna kosa lake moja sijalisahau: alipunguza faili langu kidogo "ili likae vizuri kwenye karatasi" bila kuniuliza, na boksi ambalo lilipaswa kuwa na urefu wa sentimita 12 likatoka fupi, gramu 100 za ubuyu zikagoma kuingia. Siku hizi nachora rula ya sentimita tano pembeni ya kila faili, na kitu cha kwanza ninachopima baada ya kuchapa ni hiyo rula.

Boksi lenyewe sasa. Nilitaka karatasi nayo ifanye ule mchezo wa *ta* na *me*, si video peke yake. Nikachukua umbo la kiberiti: ganda la nje na droo ndani. Ubavuni mwa ganda nikachapa "ni", nikatoboa kidirisha, nikamalizia "kusimulia". Nyuma ya kidirisha, kwenye ukuta wa droo, ipo "ta". Ukivuta droo, ukuta unateleza, na kidirisha kinaonyesha "me". Hakuna betri, hakuna skrini.

Blender ilinisaidia sana hapa. Nilichora ramani ya boksi kwa Inkscape, programu ya kuchora mistari, nikaiingiza Blender ikiwa faili la mistari la SVG, nikaweka bawaba kwenye kila mkunjo na kulikunja mbele ya macho yangu kabla sijaharibu karatasi hata moja. Lakini pia ilinidanganya mara mbili, au nilijidanganya nikiwa ndani yake. Kwanza, kuta zangu hazikuwa na unene. Kwenye skrini droo iliteleza kama samaki. Kwenye kadi ngumu, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, iligoma kabisa, maana kila ukuta ulikuwa na unene wake na gundi yake. Ilibidi niipunguze droo milimita moja kila upande. Pili, kwenye video niliituliza droo nikasogeza ganda kwenda kulia, kwa hiyo nikaweka "me" kulia kwa "ta". Binadamu hafanyi hivyo. Anashika ganda kwa kushoto, anavuta droo kwa kulia. Rafiki yangu wa kwanza kulijaribu alivuta, kidirisha kikaonyesha karatasi tupu. "Ni... kusimulia," akasoma. "Ni nini?" Nikahamishia "me" kushoto.

Halafu upana. *M* ni herufi nene, *t* ni nyembamba. Kidirisha kilichoitosha "me" kiliiacha "ta" ikielea kama mtoto aliyevaa koti la baba. Nilijaribu fonti kadhaa, nikaishia kwenye IBM Plex Mono, ambayo kila herufi yake hukaa kwenye nafasi sawa, na leseni yake inaruhusu kazi ya biashara bila kulipa. *M* inabanwa, *i* inapewa miguu mipana, silabi mbili zinalingana kama vipande viwili vya kanga. Ikaleta na sura ya taarifa iliyopigwa chapa, jambo linaloufaa ubuyu wa aina ile nyingine.

Msimbo wa mistari (barcode) niliuchapa mwekundu ili ufanane na boksi. Usifanye hivyo. Mashine nyingi za dukani husoma kwa mwanga mwekundu, na kwa mwanga mwekundu mistari myekundu ni sawa na karatasi nyeupe. Mistari iwe myeusi, basi.

Nyota? Kwa maandishi yenye mwendo naipa Blender nne kati ya tano. Ile moja nimeibakiza kwa ajili ya wiki tatu za mwanzo ambazo sikujua hata pa kubonyeza. Kwa kujaribu boksi kabla ya kulikata, tano. Kwa faili la kwenda kuchapisha sifikirii kuipa chochote, si kazi yake. Hapo tumia Inkscape, au Scribus ya kupanga kurasa za kuchapa, na uwe na fundi mnayeelewana.

Niliyapeleka maboksi sita Unguja. Shangazi alilishika moja, akaligeuza, akaniuliza limegharimu kiasi gani. Nilipomwambia akasema, "Mwanangu, kwa bei hiyo watu watanunua boksi, ubuyu waniachie." Sikuwa na jibu, boksi moja lilinila zaidi ya ubuyu uliomo. Lakini hakuliweka chini. Alikaa barazani akivuta droo na kuirudisha, nitakusimulia, nimekusimulia, nitakusimulia, mpaka jirani akaja kutazama.

Kisha shangazi akaniangalia. "Na kama sitaki kusimulia?"

Kwa hiyo juzi nimeifungua Blender tena. Kidirisha cha pili, pale penye "ni", kinachoweza kuwa "si".