Nilijaza fomu yao ya yoga, na bado wakaniumiza mkono

Nilijaza fomu. Naanza hapo asije mtu akaniambia sikusema. Nilikaa pale mapokezi nikaandika kwa herufi kubwa: SARATANI YA TITI LA KUSHOTO, NIMEPASULIWA, TEZI ZA KWAPANI ZIMETOLEWA, MKONO USIVUTWE. Dada wa mapokezi akaichukua, "karibu sana mama", nikalipa kwa simu shilingi 80,000 za mwezi mzima.

Studio siitaji jina. Iko hapa Dar, upande wa baharini, na bango lao linasema kabisa kwamba wanapokea watu wenye saratani. Bango ndilo lililonipeleka. Nilikuwa nimemaliza mionzi miezi michache nyuma na usingizi umenikimbia. Nasikiliza feni mpaka adhana ya alfajiri. Sikufuata uponyaji, hospitali ninayo. Nilifuata usingizi. Binti yangu alikuwa amenisomea utafiti wa Marekani uliotoka 2013, watu 410 waliokwisha kutibiwa saratani, wengi wao wanawake wa saratani ya matiti kama mimi. Waliofanya yoga wiki 4, mara mbili kwa wiki, dakika 75 kila mara, walilala vizuri kuliko wenzao waliobaki na huduma ya kawaida. Ila ilikuwa yoga ya taratibu, ya pumzi na kujinyoosha na kutulia. Nikawauliza kwenye simu kama yao ndiyo hiyo. Wakasema ndiyo hiyo hiyo.

Na siku mbili za kwanza ilikuwa kweli. Alitufundisha mama mmoja mtu mzima, alikuja na fomu yangu mkononi. Akaniuliza ganzi ya miguu nimeipata kwenye kemo, zile dawa kali za saratani, nikasema ndiyo, nyayo zangu kama zimevaa soksi nene. Akaniweka karibu na ukuta nisianguke, akanipa mito miwili ya kulaza mkono. Mwishoni tulilala chali tukihesabu pumzi, ndani nne, nje sita. Usiku ule nililala mpaka jua likanikuta. Nililia asubuhi kwa furaha, namwambia binti yangu, nimelala, mwanangu, nimelala!

Siku ya tatu yule mama hakuwepo. Alikuja kijana, sauti juu kama konda wa daladala: mikono chini, makalio juu, ruka, simama, tena. Nilijitahidi. Ghafla yuko nyuma yangu. Hakuniuliza kitu. Akakamata mkono wa kushoto, ule ule, akaupandisha akausukuma nyuma ya sikio. Nilipiga yowe. Nikamwambia, "Mwanangu, huo mkono umepasuliwa, nimeandika kwenye fomu." Akanijibu mbele ya darasa zima: "Mama, saratani ni uchungu ulioufungia moyoni. Uachilie, mkono utafunguka wenyewe."

Mama yangu mzazi alikufa kwa ugonjwa huu huu. Mwanamke aliyelea watoto wa watu mpaka wakaoa, mlango wake haukufungwa mchana. Naye alikuwa na moyo mbaya? Ndicho ninachoambiwa na mtoto asiyejua hata nimekatwa wapi?

Kwa asiyejua: tezi za kwapani zikitolewa, maji ya mwili ya upande ule hukosa njia yake, mkono ukivimba unaweza kubaki hivyo maisha. Si kwamba usitumike. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alinifundisha kutambaza vidole ukutani, kila wiki juu kidogo, na alama ninaweka kwa penseli. Miezi yote nimeupanda ukuta ule, kijana akataka nimalize kwa pumzi moja. Jioni pete haikutoka hata kwa sabuni. Mkono ulivimba karibu wiki mbili, na kila asubuhi niliupima kwa futi ya fundi cherehani nikiwa natetemeka.

Wakati ule niliwaambia wenzangu wa kliniki yoga ni utapeli, wasithubutu. Nimeshawapigia kuwaambia nilikosea. Usingizi nilioupata siku zile mbili ni wa kweli, na hadi leo natandika mkeka chumbani, nahesabu nne, nahesabu sita, nalala. Kama una saratani na daktari wako amekuruhusu, jaribu. Lakini kabla hujalaza mgongo chini, muulize mwalimu aliye mbele yako, yeye mwenyewe, amesoma nini kukuhusu. Akikwepa, vaa viatu.

Studio yenyewe naipa nyota moja. Nilitaka kuipa tatu kwa ajili ya yule mama, kisha nikampigia msimamizi. Hakuniuliza mkono unaendeleaje. Alisema hela hairudi, na fomu "huwa ni ya kumbukumbu tu".

Basi hela abaki nayo. Fomu yangu naitaka. Mle ndani kuna mwili wangu wote, na hawakuwa na haja nao.