Filamu za kulipia: kabla hujatoa hela, uliza kama utasikia maneno

Malalamiko yamezidi, bora niandike mara moja tuelewane. Dada mmoja wa Morogoro alilipia filamu niliyoisifia, akaitazama na mama mkwe wake, na mpaka majina ya mwisho yanapita mama mkwe bado anauliza, "Kasemaje yule?" Msomaji mwingine yuko Muscat, ana watoto wadogo. Anasema watu wakizungumza anaongeza sauti, muziki ukiingia anaikimbilia rimoti, na hivyo hivyo saa moja na nusu nzima. Wa tatu hakunisalimia hata salamu: "Picha safi, maneno sikusikia, hela yangu je?"

Basi mwongozo huu ni wa hao watatu na wengine wa aina yao. Nani kaigiza vizuri, nani kavaa nini, hadithi inaishaje, hayo mtayapata kila mahali. Ubora wa picha nao sitaugusa, kwa sababu siku hizi hata simu ya kawaida inatoa picha ya kupendeza. Ninachopima ni kimoja: sauti ya mtu anayezungumza. Mtihani wangu ni wa kinyumbani kabisa. Spika za televisheni zenyewe, feni inazunguka, dirisha wazi, maandishi ya chini nimeyazima. Nikiweza kurudia alichosema mhusika, filamu imepita. Nikianza kukisia, imeanguka, hata kama imetoka tamasha la filamu la Toronto na tuzo mkononi.

Mnaniona nimeshikilia jambo dogo. Haya, nenda kibanda chochote cha kuonyesha video, Mbagala au Buguruni, uangalie kinachojaza mabenchi. Ni filamu za Kichina, Kikorea na Kimarekani zilizotafsiriwa. Watu wa mjini wanawacheka wanaozipenda, eti hawajui filamu. Mimi nasema wanajua kuliko sisi. Lufufu alipokuwa anatafsiri, sauti ya filamu ilishushwa na yeye akaongea juu yake, karibu na maiki, kwa Kiswahili kilichonyooka. DJ Afro wa Kenya naye ni vilevile. Mtu ametoka kazini, ametoa hela yake ndogo, na kila neno limemfikia sikioni. Filamu zetu wenyewe, za lugha yetu wenyewe, hazimpi hilo, halafu tunamlaumu kwamba hapendi vya nyumbani.

Tatizo linatoka sehemu mbili. Ya kwanza ni pale filamu inapopigwa. Nyingi za enzi ya DVD zilirekodiwa kwa maiki iliyokaa juu ya kamera. Kamera ikirudi nyuma ili ipate sebule yote na yale makochi, maiki nayo imerudi nyuma. Ndiyo maana ulikuwa unasikia friji, jogoo wa jirani na jenereta kwanza, mhusika baadaye. Watengenezaji makini waliachana na hayo. Wana mtu wa sauti, wana maiki ya kijiti inayoning'inizwa juu ya kichwa cha mwigizaji, wana nyingine imefichwa kwenye shati.

Hao makini sasa tatizo lao liko nyumbani kwako. Filamu ya ukumbini sauti yake mara nyingi huchanganywa katika njia sita, tano za spika za kawaida na moja ya besi, ndiyo ile 5.1 unayoiona kwenye menyu. Maneno ya wahusika kwa kawaida huwekwa kwenye spika ya katikati, inayokaa nyuma ya kitambaa cha ukumbi. Wewe spika ya katikati huna. Televisheni yako bapa inakusanya njia zote sita na kuzimimina kwenye spika mbili nyembamba, na nyingi kati ya hizo zinatazama chini au zinatazama ukuta. Muziki unafika, mlipuko unafika, "nakupenda" haifiki.

Ongeza na hili. Netflix inawataka watengenezaji maneno yakae kwenye kiwango cha -27 LKFS, kipimo cha ukubwa wa sauti ambacho namba ikisogea karibu na sifuri sauti ni kubwa zaidi. YouTube inashusha vinavyozidi karibu -14. Ukitoka kutazama vichekesho YouTube ukafungua filamu Netflix bila kugusa rimoti, lazima uone filamu imenyamaza. Televisheni haijaharibika, usimwite fundi. Ingia kwenye menyu ya sauti, na kama kuna chaguo lisilo na 5.1, lichague hilo. Kisha ingia kwenye mipangilio ya televisheni yenyewe utafute ile ya kukuza mazungumzo, maana nyingi za siku hizi zinayo ila huja imezimwa.

Sasa orodha. Ni ya miaka ya karibuni, na nimechukua zile ambazo Kiswahili kinasikika ndani yake.

Ya kwanza ni Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, 2021, na sitaki ubishi. Mliosoma Kiswahili kidato cha tano na sita mnaijua riwaya ya Adam Shafi, wengine mliichukia kwa sababu ya mtihani. Isameheni. Ni Unguja ya miaka ya mwisho ya Mwingereza. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume asiyempenda, anakimbia nyumba ya mume. Denge yumo kwenye harakati za uhuru, na wapelelezi wanamwandama. Mwajuma amechezwa na Siti Amina, mwimbaji wa Zanzibar, kwa hiyo taarabu ndani ya filamu ina mwenyewe. Wanaoandika kuhusu filamu hii husifia picha, na kweli picha ni nzuri, vile vichochoro na zile taa. Mimi iliyonikamata ni jinsi Kiswahili cha Unguja kinavyopita bila kusukumwa. Hakuna anayekitamka kama anasoma taarifa ya habari. Filamu ina ukimya mwingi, na ukimya ndio unaoyapa maneno nafasi. Kwa mtihani wangu wa feni, sentensi chache za kunong'ona zilinipita. Nimezisamehe. Filamu nyingine nisingezisamehe, na nakiri hivyo hadharani.

Ndiyo, napendelea Kijiweni Productions, ile kampuni ya Shivji ya Dar es Salaam. Sina undugu nao na hawajanipa hata fulana. Napendelea kwa sababu ukitazama kazi zao unaona kuna mtu aliyekaa na kujiuliza masikio ya mtazamaji yatapata nini. Ndiyo sababu T-Junction yao ya 2017 naiweka juu ya filamu mpya zaidi zenye hela zaidi. Fatima amefiwa na baba ambaye hawakuwa karibu, na machozi hayaji. Hospitalini anakutana na Maria, ambaye anamsimulia habari za watu wa njia panda, wauzaji na walala hoi wa barabarani. Filamu nzima imesimama juu ya msichana mmoja kumsikiliza mwenzake. Sauti ingekuwa mbovu, pasingebaki kitu. Ni ya tatu kwangu, na siku nyingine naipandisha ya pili.

Ya pili kwa leo ni Supa Modo ya Likarion Wainaina, Kenya, 2018. Jo ni mtoto mgonjwa ambaye hatapona, na anaota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Mama anamrudisha nyumbani kutoka hospitali, dada yake anaanza mbinu za kumfanya aamini nguvu anazo, na baadaye kijiji kizima kinaingia kutengeneza filamu yake. Inachukua dakika 74 tu, na mwaka huo ilioneshwa kwenye tamasha la filamu la Berlin. Wahusika wanachanganya Kiswahili, Kikikuyu na Kiingereza, kama watu wanavyoongea huko. Mtanzania wa Singida au Lindi atahitaji dakika kumi masikio yakae sawa. Lakini hayo ni ya lafudhi, si ya maiki. Mtoto anasikika, mama anasikika, hata pale wanapozungumza huku mtu anatembea. Kama una watoto nyumbani na unataka kulipia moja tu, lipia hii, ila uwe na leso.

Binti ya Seko Shamte, 2021, ni ya nne. Ndiyo filamu ya kwanza ya Tanzania kuingia Netflix, na imepigwa vizuri: wanawake wanne wa Dar es Salaam, mmoja deni linamfukuza, mwingine yuko njiani kuolewa na mtu wa hatari, na kadhalika. Mwigizaji Godliver Gordian yumo, na anayemjua anajua. Ugomvi wangu nayo ni muziki. Jambo likiwa zito, unakuja muziki kuniambia ni zito, na unakuja juu ya maneno ya wanawake ambao nimelipia kuwasikia. Chagua sauti isiyo na 5.1, utaona tofauti. Bila hilo suala la muziki ingekuwa ya tatu, na T-Junction ingelazimika kujitetea.

Halafu kuna mbili za kuvaa spika za masikioni, usijaribu kwa televisheni. Neptune Frost ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, 2021, ilipigwa Rwanda lakini hadithi ni ya Burundi: wachimba koltani (madini ya kutengenezea simu na kompyuta), wadukuzi, na nyimbo mwanzo mpaka mwisho. Utasikia Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Maandishi ya chini utayahitaji tu, hivyo sikuipunguzia alama za maneno. Ngoma zake kwenye spika za masikioni zitakuacha mdomo wazi. Nyingine ni Augure ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, 2023. Huyu ni mwanamuziki kabla ya kuwa mwongozaji, na alitunga albamu kwa ajili ya wahusika wake wakuu, kila mmoja na yake. Kiswahili kimo pamoja na Kilingala na Kifaransa. Hadithi ni ya watu waliopewa jina la uchawi na jamaa zao wenyewe. Wengine hawataielewa, na wengine watanilaumu tena. Sawa.

Za bei rahisi? YouTube ina filamu za Kibongo za bure kwa mamia. Tazama dakika tatu za kwanza kwa spika ya simu. Kama husikii hapo hutasikia mbele. Basi.

Za kwenye flashi nazo nina la kusema, na si la upole. Kuna kijana, kibanda chake sitakitaja, aliniapia kwamba filamu aliyonijazia ni "HD orijino". Nilipofungua nikasikia watu wakicheka, na ndani ya filamu hakuna aliyecheka. Mtu alikaa ukumbini na simu akairekodi. Kikohozi cha jirani yake kimo, mlango wa ukumbi unaofungwa umo. Nilipomrudia akaniuliza, "Lakini picha si unaiona?" Hapo ndipo biashara hii ilipofika: maneno hayahesabiki kama bidhaa. Serikali ilileta stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013, ili tujue halali na haramu. Flashi haina pa kubandika stempu.

Lakini na wenye filamu nao wasijifanye wasafi. Filamu yetu inakwenda Toronto, inakwenda Berlin, inaoneshwa Ngome Kongwe kwenye ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, upepo wa Forodhani ukivuma, inapata siku chache kwenye kumbi za maduka makubwa, kisha inapotea. Mtu yuko Mwanza na hela mfukoni, anataka kulipa, hana pa kulipia. Akipapata anaambiwa alete kadi, alipe kwa dola, na bando la kuitazama lina gharama yake juu. Netflix walikuwa na mpango wa bure wa simu Kenya kuanzia Septemba 2021, wakaufunga Novemba 2023, watu ndio wameanza kuzoea. Msiniambie soko halipo. Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2018, na Mahakama Kuu ilipofungua mlango kwa siku saba tu mwezi Septemba, watu walipanga foleni Nairobi. Siku saba. Hao walikuwa wanalipa.

Na wauzaji wa DVD bado wapo, hasa mikoani na kwenye stendi za mabasi, na mchezo wao wa zamani hawajauacha: hadithi moja imekatwa vipande viwili ili ulipe mara mbili. Ukipewa Sehemu ya Kwanza, usitoe hela mpaka umeiona Sehemu ya Pili mezani, na zote mbili zichezwe hapo hapo kwenye televisheni yake. Mwambie azime redio ya dukani kwanza. Akikataa kuizima, umeshajua.