Uzoefu wangu: kulala kwenye siheyuan ya Beijing, na chumba gani uchukue

Kama unakwenda Beijing na mfuko wako unamudu hoteli ya kawaida ya katikati ya mji, unamudu pia chumba kwenye siheyuan, zile nyumba za zamani ambazo majengo manne yanatazamana na katikati yake kuna ua. Mimi nililala kwenye moja iliyo vichochoroni, si mbali na Mnara wa Ngoma, mwezi wa Novemba. Jina lake naliacha kwa kuwa nina malalamiko, na sina nia ya kumharibia mtu biashara. Jambo kubwa nililoligundua ni kwamba bei za vyumba vyake zinafuata vyeo vile vile vilivyokuwemo humo enzi za wafalme wa Qing. Ukivielewa vyeo hivyo, utajua pesa yako inanunua nini.

Teksi haifiki mlangoni. Unashukia barabara kubwa, unaburuta begi kwenye hutong, yaani vichochoro vinavyokatiza mitaa kutoka mashariki kwenda magharibi, ambavyo mpangilio wake umekuwepo tangu mji ulipoitwa Dadu chini ya Wamongolia, karne ya 13. Ukutani hakuna dirisha la maana, ni matofali ya kijivu tu. Vigae vya manjano vinavyong'aa vilikuwa vya mfalme. Raia alijengea kijivu.

Lango haliko katikati ya ukuta, liko kwenye kona ya kusini-mashariki. Kwa nyumba inayoelekea kusini, wajuzi wa fengshui, elimu ya Kichina ya kupanga majengo kwa kufuata heri, huhesabu kona hiyo kuwa ya heri. Pembeni ya lango kuna mawe mawili yenye umbo la ngoma iliyosimamishwa wima. Nilidhani ni pambo, kumbe kila jiwe linapenya hadi ndani, na kwenye sehemu ya ndani kuna kishimo kinachobeba mhimili ambao ubao wa mlango unauzungukia. Watu husema mawe ya duara yaliwekwa na familia za wanajeshi, ya mraba na familia za makatibu wa serikali. Kisha kuna kizingiti cha mbao kirefu karibu kunifika gotini. Usikikanyage, kiruke. Mama mtunza nyumba hajui Kiingereza hata neno, lakini kwa hilo alinielewesha vizuri sana kwa mkono.

Ukivuka unakutana uso kwa uso na ukuta. Ni kisitiri cha matofali yaliyochongwa, kimejengwa hapo makusudi ili anayepita njiani asione ndani, na pia, kwa imani ya wenyewe, mashetani hupenda kwenda moja kwa moja, hivyo hugonga hapo. Aliyekulia Lamu hatashangaa: daka na tekani, yaani vibaraza vya nje na ndani ya mlango wa nyumba zetu za mawe, vinafanya kazi hiyo hiyo ya kumzuia mgeni macho kabla ya miguu.

Unapinda kushoto, unaingia ua wa mbele, mwembamba. Hapa ndipo penye vyumba vya bei ya chini, na hapa ndipo nilipoanzia. Jengo hili limeupa kichochoro mgongo na linatazama kaskazini, kwa hiyo jua haliingii mchana kutwa. Zamani lilikuwa la watumishi, wageni wasio wa karibu na stoo. Chumba kilikuwa safi, chai ya moto ipo, ila baridi ilinipanda kutoka sakafuni, na kila pikipiki ya umeme iliyopita nje niliisikia kama inapita chini ya mto wangu. Ukuta huo si mnene kama unavyoonekana. Bafu waliloliongeza juzi juzi lilikuwa likitoa harufu ya mtaro kila jioni, na kulilalamikia hakukusaidia kitu.

Nikaomba kuhamia ndani, nikaongeza pesa. Kuingia ua wa pili unapita lango ambalo kwangu ndilo zuri kuliko vyote humo: vijiti viwili vya nguzo vinaning'inia toka darini bila kugusa chini, ncha zake zimechongwa kama vichipukizi vya yungiyungi vilivyogeuzwa, na mbao za juu zimepakwa kijani na buluu. Mabinti wa familia hawakutakiwa kulivuka kwenda mbele. Nyuma yake kuna milango mingine ambayo ilifunguliwa siku za harusi, msiba au mgeni mkubwa tu. Siku nyingine watu walizunguka pembeni. Hapa bado wanaifunga milango hiyo, kwa hiyo hata mimi na kikombe changu cha kahawa tulizunguka.

Jengo la kaskazini, linalotazama kusini, lilikuwa la wazee wa ukoo. Limeinuliwa kwa ngazi, paa lake limeyapita mengine yote, na jua la majira ya baridi linaingia hadi kitandani. Ndilo ghali kupindukia. Mrengo wa mashariki ulikuwa wa mtoto wa kiume mkubwa, wa magharibi wa wadogo zake, na mpaka leo hapa chumba cha mashariki kimezidi bei kidogo. Sasa hapo ndipo pa kuwa mjanja. Chumba cha mashariki kinatazama magharibi, kinachomwa na jua la jioni wakati wa kiangazi na asubuhi za baridi hakipati kitu. Wenyeji wa Beijing wenyewe wana msemo kwamba mwenye pesa hakai vyumba vya mashariki wala vya kusini, kwa kuwa havina joto wakati wa baridi wala ubaridi wakati wa joto. Kifungua mimba alipewa heshima, mdogo wake akapewa jua la asubuhi. Chukua magharibi.

Uani kuna mkomamanga, kwa ajili ya punje zake nyingi zinazoombea watoto wengi, na birika la samaki wa mapambo. Mforosadi hutauona, kwani jina lake kwa Kichina linasikika kama msiba, wala mpeasi, ambao jina lake linalingana na kutengana. Popo wamechongwa kila mahali kwa sababu kama hiyo, ila wao ni baraka.

Kitu kimoja matangazo hayakisemi. Nyumba ya jirani, yenye lango kama letu, ilikuwa imejaa vibanda hadi ua umebaki kijia cha kupita mtu na baiskeli. Baada ya 1949 nyumba nyingi za namna hii ziligawanywa kwa familia kadhaa, na baada ya tetemeko la Tangshan la 1976 watu walijenga vibanda vya dharura uani, vikageuka majiko na vyumba vya kudumu. Wengi mpaka leo wanatumia choo cha umma cha kichochoroni. Ua mtupu ulioulipia ni anasa, na majirani wanakuona ukiufaidi.

Kama huna haja ya kulala, nenda kwenye nyumba aliyoishi Mei Lanfang, mwigizaji mashuhuri wa opera ya Beijing, mtaa wa Huguosi namba 9. Ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986, na mpangilio wote huu unauona humo kwa kiingilio tu. Mwenye magoti mabovu au mtoto wa kigari asikate chumba siheyuan, vizingiti vitamchosha. Wengine wote: chumba cha magharibi, ua wa ndani, na uombe blanketi la pili kabla mtunza nyumba hajaenda kulala.