Fundi wa kaseti wa Mwembe Tayari na sauti ya marehemu mjomba

Nimechelewa miezi miwili kuandika tathmini hii kwa sababu nilitaka kwanza kuzisikiliza kaseti zote saba hadi mwisho, nikiwa peke yangu, nisije nikamsifu fundi kwa majonzi yangu badala ya kazi yake. Nimezisikiliza, na kazi yake ni nzuri.

Kaseti hizo aliziacha mjomba wangu, ambaye maisha yake yote ya kazi aliendesha trela kati ya bandari ya Mombasa na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, safari ya zaidi ya kilomita 900 kwenda tu. Alipenda muziki wa kantri wa zamani: Jim Reeves kwanza, kisha Hank Williams, na Don Williams siku alizolipwa. Wala hakutosheka kusikiliza. Alikuwa na gitaa la mbao alilolilaza kwenye kitanda cha nyuma ya kiti, limefungwa kwa leso kuukuu ya mkaza mjomba, na kila malori yalipokwama, iwe ni kwenye mizani ya Mariakani au katika foleni ya mpakani, alilifungua akaimba huku utingo wake akibonyeza vile vitufe viwili vya redio kaseti kwa pamoja ili kumrekodi.

Kabla ya kumpata fundi huyu nilipeleka kaseti moja kwenye duka jingine la mjini, ambalo sitalitaja. Nilirudishiwa siku hiyo hiyo ikiwa na mkunjo katikati, na sauti waliyonipa kwenye flashi ilikuwa imechujwa mpaka mjomba akawa kama anaimbia ndani ya mtungi. Hapo ndipo jirani aliponielekeza Mwembe Tayari, hapa Mombasa, katika kichochoro kilicho nyuma ya ofisi za mabasi, kwenye chumba kisicho na kibao. Ukiuliza kwa fundi wa redio utaonyeshwa.

Kazi yenyewe aliifanya mbele yangu. Alifungua skrubu tano za kaseti, akainua kifuniko, akanionyesha koga nyeupe iliyokuwa imetambaa kwenye kingo za utepe. Hewa yetu ya pwani haina huruma na vitu vya namna hii. Aliipangusa polepole akiuzungusha utepe kwa kalamu. Kisha akanionyesha kosa ambalo mimi nisingeligundua kamwe: kile kisponji kidogo kinachoubana utepe kwenye hedi, yaani kile kichwa cha mashine kinachosoma sauti, kilikuwa kimebanduka kwa sababu gundi ilikauka, na bila hicho sauti hufifia na kurudi kama mtu anayeongea akigeuza uso. Alikitoa kingine kwenye kaseti mbovu, akakibandika. Hedi ya mashine aliisafisha kwa pamba na spiriti, halafu kwa bisibisi nyembamba akairekebisha kidogo kidogo, sikio likiwa kwenye spika, mpaka nyuzi za juu za gitaa zikasikika wazi.

Msomaji anayefikiria kwenda ajue kwamba kaseti ya dakika 60 huchukua dakika 60 kuihamisha kwenye kompyuta, nusu saa kila upande, bila njia ya mkato. Anayekuahidi kaseti saba kwa saa moja ana lake jambo.

Lililonifanya nimwamini ni swali. Katika kaseti ya pili injini inanguruma tangu mwanzo hadi mwisho, na fundi alisimamisha mashine akaniuliza, "Mwanangu, huu mngurumo wa lori niutoe ama niuwate?" Nilimwambia auache. Sasa ukisikiliza unaisikia foleni ikisogea, honi ya mtu nyuma, utingo akicheka, mjomba akisema "ngoja, nimekosea", kisha anaanza upya kwa sauti ya chini, mdomo karibu kabisa na kinasa sauti, kama alivyokuwa akiimba Jim Reeves, yule mwimbaji wa Texas aliyefariki Julai 1964 katika ajali ya ndege aliyokuwa akiirusha mwenyewe. Mjomba hakuwahi kufika Marekani, lakini hakukubali kuambiwa kwamba anaiga Wazungu. Angekujibu kwamba Wakipsigis walimjua Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani, kupitia santuri za gramafoni, wakampa jina la Chemirocha na kumwimba kwa lugha yao. Nilidhani ni porojo za barabarani hadi nilipopata kujua kwamba Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, aliwarekodi kweli, mwaka 1950.

Kasoro zipo. Fundi hatoi risiti, kiti cha mteja ni kimoja na kina mguu mbovu, na nyimbo zote amezipa namba tupu ingawa majina yalikuwa yameandikwa kwa mkono kwenye makasha, kwa hiyo nililazimika kukaa jioni nzima nikiyapanga mwenyewe. Bei ni shilingi 500 kwa kaseti, ambayo si rahisi, lakini kubadilisha kisponji hakutozi. Nenda na flashi yako, na usiende Ijumaa adhuhuri.

Kasoro kubwa zaidi sijui kama ni yake. Upande wa pili wa kaseti ya saba ulirekodiwa betri zikiwa zinaisha, utepe ukawa unakwenda polepole wakati wa kurekodi, na sasa ukichezwa kwa mwendo wa kawaida sauti ya mjomba inapanda hatua kwa hatua mpaka mwishoni anaimba kama mtoto wa shule. Jaribio la kwanza la kuirekebisha lilifanya mwanzo uwe mzito kupita kiasi na mwisho haukubadilika sana. Fundi ameniomba gitaa lenyewe, anasema katika nyuzi zake atapata kipimo cha sauti sahihi, kwa hiyo Jumamosi nitalipeleka, pamoja na leso yake.