Electron kwa programu ya duka la dawa: uzoefu wangu

Programu yetu ya mauzo na stoo ilianza kama tovuti ya kawaida, ambayo muuzaji huifungua kwenye kivinjari, akaweka nenosiri na kuanza kuuza. Wateja wetu ni maduka ya dawa ya miji midogo, na mengi hutegemea bando la simu. Bando likikata jioni, mgonjwa aliyeshika cheti cha daktari hawezi kuambiwa arudi kesho. Kwa hiyo tuliihamishia kwenye kompyuta ya mezani ili ifanye kazi hata pasipo intaneti, na chombo tulichotumia ni Electron.

Electron ilianzia GitHub mwaka 2013 ikiitwa Atom Shell. Hufungasha kivinjari cha Chromium pamoja na Node.js, ambayo huendesha JavaScript nje ya kivinjari, kisha kurasa zako zikaendeshwa humo katika dirisha lake lenyewe. Kurasa tulizokuwa nazo ziliingia karibu zilivyo, na kwa kuwa injini ya kivinjari ni ileile, risiti hupangika namna moja kwenye Windows na kwenye Linux. Ubaya wake ni uzito: hata programu isiyo na kitu ikishasakinishwa hula zaidi ya megabaiti 200 za diski, tena hula RAM, na kwenye kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4 hilo huonekana wazi. Tauri, chombo kingine cha kazi hiyohiyo, ni nyepesi mno, kwa sababu hutumia injini iliyomo tayari kwenye mfumo endeshi. Lakini injini hizo hutofautiana, nasi hatukutaka kupanga risiti mara mbili.

Anayedhani kwamba kufungasha tovuti kunatosha atashangaa. Dirisha linaloelekezwa tu kwenye anwani ya seva litabaki tupu mara mtandao unapokatika. Kurasa, fonti na picha zote sharti ziwemo ndani ya kifurushi, na data ikae kwenye kompyuta yenyewe. Sisi tulichagua SQLite, hifadhidata ndogo isiyohitaji seva. Kila mauzo huandikwa kwanza humo, pamoja na mstari mmoja katika jedwali la foleni, na foleni hiyo hutumwa kwa seva pale njia inapofunguka.

Hapo ndipo penye kazi yenyewe, na Electron haikusaidii. Kivinjari kina kipimo kiitwacho navigator.onLine, ambacho husema ndiyo hata kama ruta inawaka na bando limekwisha, kwani hutazama kama kompyuta imeungwa na mtandao wowote, si kama seva inafikika. Tulikiacha, programu ikawa inaiuliza seva yetu moja kwa moja. Halafu kuna hesabu ya stoo: kaunta mbili zikiwa nje ya mtandao, kila moja ikiona paketi 10 za paracetamol, moja ikauza 3 na nyingine 4, haifai zitume kwa seva 7 na 6, maana itakayofika mwisho itaifuta ya kwanza. Hutumwa badiliko lenyewe, yaani toa 3 na toa 4, na seva ndiyo inayojumlisha na kubakiza 3. Kila badiliko hubeba kitambulisho cha UUID, yaani namba ndefu isiyojirudia, kilichotengenezwa palepale kaunta, ili likitumwa mara mbili kwa sababu ya mtandao wa kusuasua, lihesabiwe mara moja tu.

Masasisho na utiaji saini ya kidijitali kwenye kisakinishi vina nyaraka za kutosha, ingawa cheti cha saini hununuliwa, na bila hicho Windows humtisha mtumiaji kwa onyo.

Kwa programu inayochapa risiti na kutunza data nyingi, ningeichagua Electron tena. Kwa fomu fupi ya kujaza taarifa ni mzigo wa bure. Tovuti inayosakinishwa kutoka kwenye kivinjari na kuhifadhi data katika IndexedDB, hifadhidata iliyomo ndani ya kivinjari, inatosha. Kabla ya kuamua, kagueni kompyuta za wateja: toleo la 22 la Electron ndilo la mwisho kukubali Windows 7 na 8, na kompyuta za namna hiyo bado zipo kwenye kaunta nyingi.